Nilivyompokonya Shemeji Uuaji Wake

Sikugundua jambo moja jepesi sana: kwamba maneno ya dakika tatu hayatafsiriki kwa neno moja.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni kiziwi. Jumapili ile, mezani kwetu, alizungumza kwa mikono kwa muda mrefu. Akarudia. Akagonga meza kwa kidole, akanielekezea mimi, kisha akajielekezea mwenyewe. Mke wangu, ambaye amekuwa mkalimani wetu tangu nilipoingia katika ukoo wao, alimsubiri amalize. Halafu akanigeukia.

"Anasema hongera."

Nikainua glasi yangu ya maji. Nikashukuru.

Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu. Ninafundisha uchambuzi wa matini. Kazi yangu, kwa maelezo ya wakuu wangu, ni kuwafundisha vijana kutambua kile ambacho hakikusemwa.

Waliofuatana nami tangu mwanzo wanakumbuka jinsi balaa hili lilivyoingia. Watu wa filamu walikuja katika mtaa wetu wa pembezoni mwa jiji, mtaa wenye nyasi zinazokatwa hata zisipoota na nyumba zinazofanana, wakitafuta mahali patulivu pa kuulia watu. Kwanza waliupaka ukuta wangu rangi ya kijivu bila kuniuliza, kisha wakaniomba radhi kwa kuupaka kijivu zaidi. Halafu lori lao la taa likalibusu gari langu. Hatimaye, ili kunituliza, wakanipa cheo: mshauri wa uwakilishi.

Cheo kile kilinipendeza kuliko gari.

Kwa yule anayetujia leo, filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mume na mke wanahamia mtaa tulivu. Jirani yao wa mbele ni mwanamke kiziwi ambaye kutwa nzima hupogoa maua dirishani. Anawatazama. Anaisoma midomo yao kupitia kioo, na kila wanalonong'onezana analijua. Anawaachia vijikaratasi mlangoni, kimoja leo, kingine kesho, mpaka mume na mke wanaanza kutiliana shaka. Kisha watu wanaanza kufa. Muuaji ni jirani.

Nilishauri, kwa ripoti ndefu yenye tanbihi, kwamba kumfanya kiziwi kuwa muuaji ni kuidhalilisha jamii nzima ya viziwi. Walinipigia makofi. Mwongozaji wa filamu, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alifuta machozi.

Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba mwigizaji aliyepewa nafasi ya jirani huyo ni shemeji yangu. Aliipata kabla mimi sijapewa cheo, na alinikataza kutaja undugu wetu. Alitaka ijulikane kwamba ameipata kwa uwezo wake.

Nami nilidhani ninamtetea. Ndiyo maana nikatangaza ushauri wangu mezani, mbele yake, kama mtu aliyeleta zawadi.

Akasema hongera.

Jumapili iliyofuata alikuja na muswada mpya. Hakukaa. Aliusogeza mbele ya sahani yangu, akafungua alipokuwa amekunja ukurasa, akaniwekea kidole.

Nikasoma. Jirani kiziwi sasa alikuwa mwanamke mpole anayegawa maua nyumba kwa nyumba. Anampa mke wa jirani ua jeupe. Anatabasamu. Ukurasa unaofuata amekufa.

"Amekufa mapema kidogo," nikasema.

Mke wangu akatafsiri. Shemeji akajibu, na mke wangu, kama ilivyo desturi ya wakalimani, akamsemea kwa nafsi ya kwanza.

"Nimekufa mapema. Nimekufa natabasamu. Hata sijui nimeuawa na nani, maana nilikuwa nimempa mgongo napanga maua."

"Lakini ni kifo chenye heshima."

"Heshima gani, bwege wewe?"

Nikamtazama mke wangu. "Hilo ni lake au lako?"

"Lake," akasema. "Mimi bado sijaanza."

Nikajaribu kumweleza hoja zangu, hasa ile niliyokuwa naionea fahari: kwamba hakuna kiziwi anayeweza kusoma midomo ng'ambo ya barabara, kupitia kioo, na asikose hata neno.

"Mimi ndiye sijui hilo?" Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka, na mke wangu alikuwa akihema kumfuata. "Midomo naisoma kama wewe unavyosoma mwandiko wa daktari. Neno hapa, neno pale, mengine nabahatisha. Hata mizimu haipo, Shemeji, na filamu zimejaa mizimu. Mbona hiyo huiandikii ripoti?"

"Lakini jamii itakuonaje?"

"Sasa hivi inanionaje? Nikipanda basi wananipisha kiti. Nikienda dukani muuzaji ananiongezea pipi. Pipi! Mtu mzima mimi! Tangu nizaliwe watu wananihurumia. Nilitaka mara moja, mara moja tu, ukumbi mzima uniogope. Watu wakirudi majumbani wafunge mapazia kwa ajili yangu. Umekuja wewe umenifanya malaika."

Nikasema lile ambalo wasomi husema wanapokosa la kusema. Nikamlaumu.

"Basi kwa nini hukuniambia?"

Mke wangu hakutafsiri. Alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Mtafsirie," nikasema.

"Atakula kwanza."

"Hajakaa hata kukaa. Mtafsirie."

Akaweka sahani chini, akatafsiri. Shemeji alinitazama mimi, akamtazama dada yake, akanitazama tena. Kisha akasema jambo, na mke wangu akazishika sahani tena.

"Amesema nini?"

"Amesema…" Akakaa. "Anasema: nilikwambia. Jumapili iliyopita, hapa hapa. Nilikwambia uwapigie simu uwaambie umekosea, na kama ulitaka kujua viziwi wanataka nini, mmoja alikuwa anakula wali wako."

"Wewe uliniambia amesema hongera!"

"Nilifupisha."

"Ulifupisha?"

"Ulikuwa na furaha, bwana. Ulikuwa umevaa lile shati lako. Nikasema nisiharibu chakula, nitakwambia baadaye. Halafu baadaye nayo ikawa na kazi zake."

"Na yeye ulimwambia mimi nimejibu nini?"

Mke wangu akatazama kitambaa cha meza. "Kwamba utalifikiria."

Ndipo tukakumbuka. Tulikuwa tumebishana kwa midomo mitupu, mimi na mke wangu, na mwenye kesi amesimama katikati yetu akitutazama mmoja baada ya mwingine. Akauliza kwa mkono mmoja. Swali hilo hata mimi nilielewa: kuna nini?

Ikabidi mke wangu atafsiri kukiri kwake mwenyewe. Alifanya hivyo polepole, bila kufupisha.

Shemeji hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliuchukua muswada wake, akauweka kwapani ili apate mikono yote miwili, akasema neno la mwisho.

"Anasema…" mke wangu akajirekebisha. "Sitaki tena unisemee. Wewe wala mumeo."

Akaondoka. Mke wangu alibaki ameketi, mikono yake imelala mezani kama vitu vya mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kurekebisha mambo. Nawaomba msomaji na Mungu wanisamehe kwa kitenzi hicho.

Ofisi ya watu wa filamu ilikuwa kwenye gereji ya nyumba ya nne kutoka kwetu. Mwongozaji alinipokea kwa mikono miwili. Pembeni yake alikaa mwandishi wa muswada, bwana mwembamba anayekunywa kahawa kama mtu aliyeandikiwa dozi.

"Profesa! Karibu, mwokozi wetu!"

"Nimekuja kuufuta ushauri wangu."

Mwandishi akainua kichwa. "Usinitanie asubuhi hii. Nina maiti nne na sina muuaji."

Nikaelezwa. Ripoti yangu ilimfurahisha mwongozaji kiasi kwamba alikwenda kutafuta washauri wengine. Mshauri wa wajane akamwondolea mjane shaka zote. Mshauri wa wahamiaji akamtakasa fundi bomba aliyetoka ng'ambo. Mshauri wa wazee akampokonya babu shoka, akampa kitabu. Mlinzi wa getini alikuwa tegemeo la mwisho, kumbe naye ana chama.

"Mtaa mzima umekuwa wa watakatifu," mwandishi akasema. "Watu wanakufa tu, sijui kwa nini. Labda hali ya hewa."

"Basi mrudishieni jirani uuaji wake."

Mwongozaji akavaa miwani. "Lakini wewe mwenyewe uliandika. Tazama pale."

Nikatazama. Sentensi yangu ilikuwa imechapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani, juu ya birika la kahawa: KIZIWI MMOJA AKIVIKWA UOVU, VIZIWI WOTE WAMEVIKWA. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa sentensi nzuri. Hilo ndilo lililoniuma.

"Niliiandika kabla ya kumuuliza kiziwi yeyote," nikasema.

"Na sasa umemuuliza nani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekohoa na kuomba maji.

"Mwigizaji wenu. Ni shemeji yangu."

"Shemeji kabisa?"

"Mdogo wa mke wangu."

"Ahaa." Mwongozaji akavua miwani, ikaanguka kifuani. "Kumbe. Ulipokuwa huna maslahi ulitushauri hivi. Nafasi ya ndugu yako imepungua, unatushauri vile."

"Alikuwa ndugu yangu hata mwanzo."

"Hukusema."

"Alinikataza."

"Kwa hiyo mlikubaliana kutuficha."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kitaaluma nilikuwa nikisema kweli tupu, na kila sentensi ilinizamisha zaidi. Ushauri wangu wa kijinga walikuwa wameuamini kwa sababu haukunifaa kitu. Ushauri wangu wa busara walikuwa wameukataa kwa sababu nina mke.

"Jumatano tunasoma muswada mezani, waigizaji wote," mwongozaji akasema kwa sauti iliyopoa. "Aje na mkalimani wake. Tutaangalia."

Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika kwa madereva, kwa mpishi, kwa wabeba taa. Nilipita karibu nao nikielekea kwangu, na nikasikia kwa masikio yangu haya yenye afya.

"Yule kiziwi kumbe ameingizwa na shemeji yake."

"Nilijua tu. Wewe unadhani wangemtoa wapi?"

Nilikuwa nimempokonya uuaji. Sasa nilikuwa nimempokonya na sifa ya kuupata mwenyewe.

Mke wangu nilipomsimulia hakupiga kelele. Alimtumia mdogo wake ujumbe wa simu kuhusu Jumatano, akajitolea kumtafsiria kwa mara ya mwisho tu. Jibu lilikuja tukiwa bado tunaitazama simu: Nitakuja peke yangu.

"Peke yake atazungumzaje?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe," mke wangu akasema. "Namba yake unayo?"

Sikuwa nayo. Miaka yote hiyo, namba yake sikuwa nayo.

Jumatano tulikwenda wote wawili, mimi kwa cheo changu kilichobaki, yeye kwa wasiwasi wake. Usomaji ulifanyika sebuleni mwa nyumba ile yenye gereji, kwenye meza ndefu karibu na dirisha kubwa linalotazama barabara. Kwenye kizingiti cha dirisha walikuwa wameweka chombo cha maua na mkasi wa kupogolea, vifaa vya filamu.

Shemeji aliingia. Alimwona dada yake, akatikisa kichwa mara moja. Mke wangu akarudi nyuma, akakaa kando ya ukuta.

Chumba kikapatwa na kiwewe.

"KA-RI-BU SA-NA!" mwongozaji akapaza sauti, mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno. Mwigizaji anayecheza mume alimpungia mikono yote miwili, kama mtu anayeita ndege itue. Kila mmoja alikuwa akizungumza kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake, na mtu pekee ambaye hakusumbuliwa na kelele hizo alikuwa yeye.

Alikipita kiti alichoandaliwa. Akavuta kingine, akakiweka dirishani, akaketi. Akachukua mkasi.

"Tuanze," mwongozaji akasema.

Mume akasoma mstari wake wa kwanza. Shemeji aliacha kupogoa, akamtazama mdomoni. Si machoni. Mdomoni. Mume akasita, akaanza upya. Taratibu akauinua muswada mpaka puani.

Mwigizaji anayecheza mke akasoma huku ameshika kikombe mbele ya mdomo.

Mwongozaji akamwinamia mwandishi, akamnong'oneza kitu. Shemeji akageuza macho kwao. Akatabasamu. Halikuwa tabasamu la yule mgawa maua. Mkasi ukafunga, na kichwa cha ua kikaanguka sakafuni.

"Amesikia?" mwongozaji akauliza.

"Hasikii," mwandishi akajibu, kiganja mdomoni.

"Najua hasikii! Ameona?"

Mimi nilijua ukweli. Nilijua kwamba kwa umbali ule, kwa mwanga ule, anaokota neno hapa na neno pale na mengine anabahatisha. Aliniambia mwenyewe. Nilijua, na bado nilijikuta nimeufunika mdomo wangu.

Mkasi. Ua jingine. Akamrudia mwongozaji, akamtulizia macho palepale, bila kupepesa.

Mwongozaji akasimama ghafla.

"Basi sikiliza! Huyo mwingine hatujamwahidi kitu! Tulimwita tu aje apimwe nguo!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mwingine nani?" mwandishi akasema.

Ikatoka yote, kwa vipande. Tangu Jumatatu mchana walikuwa wamempata mwigizaji mwingine wa kucheza jirani kiziwi. Ana sura ya huruma. Anasikia vizuri kabisa, lakini yuko tayari kujifunza ishara chache.

"Ili tusionekane tunapendelea shemeji za watu," mwongozaji akamalizia kwa sauti ndogo, akaketi.

Mwandishi hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa amegeuza muswada upande usioandikwa, anaandika kama mtu anayekimbizwa.

"Mtu asisogeze kiti," akasema. "Mtu asifungue pazia. Muuaji wangu yule pale."

"Na ripoti ya Profesa?"

"Ibandue ukutani."

Mwongozaji akamtazama shemeji yangu kwa muda. "Mimi namwogopa," akasema polepole, na uso wake ukachanua jinsi uso wa mwongozaji unavyochanua anapoogopa kitu kinachoweza kupigwa picha. "Jamani, namwogopa kweli. Mwambieni…"

Wote wakageuka kumtazama mke wangu. Mke wangu akainuka nusu, mikono ikaanza kupanda yenyewe.

Shemeji, pale dirishani, akatikisa kichwa.

Akatoa simu, akaandika, akainuka kumpa mwongozaji. Mwongozaji akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"'Nataka nafasi yangu ya zamani. Nataka mkalimani anayelipwa, asiye wa ukoo. Maswali kuhusu viziwi niulizeni mimi. Na mshauri wenu aondoke.'"

Akaniangalia kwa majuto ya mtu aliyefurahi sana.

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. "Naona ni ushauri mzuri," nikasema, nikimtazama shemeji yangu.

Hakuna aliyemtafsiria.

Wameshaanza kupiga picha. Shemeji ameua wanne, na nasikia mwandishi amemwongezea wa tano. Wabeba taa hawasemi tena kwamba aliingizwa na mimi. Wanasema mimi nilitolewa na yeye, jambo ambalo ni kweli, na sijalikanusha popote.

Amepata mkalimani, dada mmoja mwenye nywele fupi. Kila asubuhi wanapita mbele ya nyumba yetu kwenda kazini, wanazungumza kwa mikono, na mara nyingi wanacheka. Mke wangu hufungua mlango mapema siku hizi, akauacha wazi mpaka wamepita.

Namba ya shemeji sasa ninayo. Nimemwandikia ujumbe kumuomba radhi, na ameusoma.

Zamani alikuwa anakula kwetu kila Jumapili. Tangu Jumatano ile hajaingia.